Grue Iko

Siku ya kwanza ya kazi nilifika bandari ya Kalundu nikiwa nimevaa viatu vya shemeji yangu, na nawaambia ninyi vijana mnaosoma haya, viatu vile vilinibana mpaka meno yakauma. Kutoka kwetu Nyamianda nilitembea kwa mwendo wa bwana harusi, si kwa maringo, ni kwa sababu ya vidole. Mkononi nilishika cheti changu cha masomo ya jioni ya misioni. Kilikuwa cheti kikubwa kuliko vyote vya mwambao huu, kwa kuwa mchapaji aliishiwa na karatasi ndogo.

Mlangoni pa ghala alisimama Chef de port, Mbelgiji mfupi mwenye kofia ya nyasi, mkuu wa kila kitu kilichoelea na kilichosimama pale. Cheti hakukitazama.

"Weye unajua kuhesabu?"

"Ndiyo, Bwana Chef. Mpaka milioni."

"Hapa hakuna milioni ya kitu chochote. Fuata mimi."

Akanipeleka mbele ya grue. Grue, kwa asiyejua, ni ile winchi ndefu ya chuma inayonyanyua mzigo kutoka tumboni mwa meli na kuuweka gatini, yaani kwenye ile sakafu ya saruji ambapo meli inaegemea. Yetu ilikuwa moja tu. Baadaye nimeona bandari nyingine, lakini kwa macho ya siku ile grue ya Kalundu ilifika mawinguni na kuyakwaruza kidogo. Kwenye ndoano yake lilining'inia pipa lililojaa mchanga. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajagusa gunia, pipa lile lilinyanyuliwa mpaka juu, likazungushwa, likashushwa. Tuliliita pipa la asubuhi. Likipanda kimya, kazi inaanza. Likitetemeka, kazi inasimama mpaka fundi aseme.

"Chef," nikauliza, kwa ujinga wa mwenye cheti kikubwa, "mchanga ule unakwenda wapi?"

"Hauendi popote. Unaniambia ukweli."

Nikawekwa kuwa magasinier, mtunza ghala la vifaa. Kamba, minyororo, grisi, miti ya mviringo ya kusukumia mizigo, kebo, ambayo ni kamba ya nyuzi za chuma, vyote vilikuwa mikononi mwangu. Daftari langu lilikuwa na safu mbili kwa Kifaransa, kilichopo na kisichokuwepo. Kazi yangu ilikuwa kuweka alama upande huu au ule. Rahisi! Niliona ningeifanya hata nikiwa nimelala, na mchana wa joto kuna siku nilijaribu.

Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa fundi Yoweli. Alikuwa ameshuka kutoka Rurambo, kule juu kwenye ng'ombe, na mashine alizishika kama ng'ombe. Aliweka sikio kwenye chuma, akafumba macho, akasikiliza tumbo. Wabeba mizigo walimtania kila asubuhi.

"Yoweli, ng'ombe yako imelala muzuri?"

"Imelala. Inauliza kama mbuzi ninyi mumekwisha kunawa."

Yule Chef wa kwanza alikuwa bwana wa kazi, sitamnyima haki yake. Meli iliyofika asubuhi iliondoka jioni ile ile. Lakini alikuwa na kasoro moja, na kasoro ile ilikuja kutugharimu. Hakumruhusu Mwafrika yeyote kuagiza kipuri. Kebo ikichakaa, aliandika barua mwenyewe, mlango umefungwa, na namba za vipuri zilikaa kichwani mwake chini ya ile kofia. Yoweli aliweza kuifungua grue nzima na kuifunga tena. Jina la kebo yake hakulijua.

Uhuru ulipokuja tulicheza ngoma. Nilicheza mpaka soli za viatu vya shemeji zikaomba msamaha. Muda mfupi baadaye askari wakaasi wakubwa wao huko mbali, na Wazungu wa bandari wakapanda meli kwa haraka, mwingine na soksi moja. Chef akanipa funguo zote za ghala, akanipa mkono, akaondoka. Alituachia funguo, namba akaenda nazo.

Mahali pake akapandishwa karani mkuu, ambaye toka siku ile tulimwita Chef Mpya, na aliitwa hivyo mpaka mvi zikamwota. Alikuwa mtu mwema, tai kila siku, kalamu tatu mfukoni. Jambo lake la kwanza lilikuwa kugeuza daftari langu liwe la Kiswahili. Akapiga mstari juu ya maneno ya Kifaransa, akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: IKO. HAIKO. Mimi mwenyewe nilipiga makofi.

Jambo lake la pili lililetwa na upungufu. Mazutu, mafuta ya mashine, ilikuwa haba, na kunyanyua pipa la mchanga kila asubuhi kulikunywa mazutu bure. Chef Mpya akaliondoa pipa, na mahali pake akaleta mwito. Saa moja na nusu tulisimama mstari, yeye akasoma, sisi tukaitika.

"Minyororo?"

"Iko!"

"Kamba?"

"Iko!"

"Grue?"

"Ikooo!"

Tuliitika vizuri kuliko kwaya ya misioni. Wavuvi waliokuwa ziwani walisimamisha makasia kutusikiliza. Na haikuwa uongo, ndugu zangu. Kwa Kiswahili chetu cha huku, iko ni iko. Nyumba iko, mlima iko, marehemu iko sebuleni. Neno halisemi zaidi ya hapo.

Baadaye kebo ya grue ikaanza kuchanika, uzi mmoja mmoja, kama sweta. Chef Mpya akaandika barua kwa makao makuu Albertville, mji unaoitwa sasa Kalemie. Jibu likaja: tajeni namba ya kipuri. Akaandika tena, akaieleza kebo kwa urefu, unene na tabia. Jibu: tajeni namba ya kipuri. Yoweli alipoona nyuzi zilizobaki haziwezi hata kunyanyua mbuzi, akaivua kebo yote, akaizungusha, akaniletea ghalani.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Grue yangu haitoe tena maziwa."

Nikafungua daftari. Iko au haiko? Ilisimama pale, ndefu, imepakwa rangi. Nikaweka alama kwenye IKO. Asubuhi Chef Mpya akaita, "Grue?" Tukaitika. Yoweli peke yake hakufungua mdomo.

Toka hapo magunia yalishuka kwa migongo ya watu. Meli iliyokuwa ikikaa siku moja ikakaa nne, na manahodha wakaanza kutukwepa. Na ziwa nalo, kama lililotumwa, likapanda. Miaka ile Tanganyika ilivimba mpaka ikaingia majumbani. Mimi nilishika samaki chini ya kitanda, na kama si samaki basi alikuwa ndugu yake. Gatini tulifanya kazi mawimbi yakituosha vifundo.

Ndipo ukaja uasi. Habari zilishuka kwanza kutoka bondeni, kisha wakashuka wenyewe watu wa bondeni, mikeka kichwani. Wa Mutarule walisema wamesikia bunduki kutoka pande mbili na hawakungoja kujua ipi ya nani. Wote walikuja bandarini, na mimi sikuweza tena kukaa. Nilifungua ghala, nikafunga, nikafungua. Mke wangu Faida alikuwa na mimba ya miezi minane, na mama yangu hakuweza kupanda milima. Njia yao ilikuwa moja, maji, na meli haikuonekana.

Tulikuwa na foni, redio ya kuongea na makao makuu. Asubuhi moja sauti ikatoka ndani yake, inakwaruza.

"Kalundu, Kalundu. Meli iko njiani kuja kwenu. Grue iko?"

Chef Mpya akanitazama, kwa kuwa vifaa ni vyangu. Sikuwaza. Mdomo ulijibu wenyewe, kama mstarini.

"Iko!"

Foni ikazima. Yoweli alikuwa mlangoni anapangusa mikono.

"Iko namna gani?"

"Wameuliza kama iko. Iko."

Tukacheka, hata Chef Mpya akacheka. Meli inakuja! Nilikimbia kumwambia Faida afunge mizigo, na njiani niliruka mfereji ambao mpaka leo hakuna aliyeuruka.

Meli ikafika siku ya pili, asubuhi. Nilikuwa wa kwanza gatini, kamba mkononi. Juu ya sitaha, pale katikati watu wanapokaa, lilikuwapo sanduku la mbao kubwa kama kanisa la kijijini. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kiwanda cha pamba cha bondeni. Nahodha, mtu mnene wa Moba, aliinamia ukingo.

"Weye wa bandari! Grue iko wapi?"

"Ile pale, Kapteni!"

"Ninaiona. Kamba yake iko wapi?"

Nikageuka kutazama mlango wa ghala.

"Si ni weye ulisema mu foni iko?"

"Iko, Kapteni."

"Iko! Munara wa kanisa iko vilevile! Niufunge kwa sanduku?"

Watu mia na mia walikuwa nyuma yangu, na hakuna aliyecheka. Nahodha akatueleza bila kelele, na hilo likaniogopesha zaidi. Mzigo ule na watu wale pamoja havikai, meli italala ubavu kwenye wimbi la kwanza. Kama angeambiwa grue haiko, sanduku lingeshushwa Albertville, naye angekuja mtupu. Akanyoosha kidole kwenye mlima wa magharibi.

"Jua ikigusa kule, ninatoka. Sanduku ikishuka, batu bapande. Ikibakia, ninarudi nayo."

Nikamtazama Faida. Alikuwa amekaa juu ya mkeka uliokunjwa, mama yangu ameegemea bega lake, maji yanapita chini yao. Alikuwa amesikia kila neno.

"Ni weye ulijibu mu foni?" akauliza.

"Ni minye."

"Basi usikuje kusimama hapa. Enda ukatafute jibu lingine."

Nilikwenda. Nilizunguka grue mara saba, nikapiga teke mguu wake, nikaumia. Tulijaribu kuirudisha kebo ya zamani, ikakatika mikononi kabla ya kufika kwenye ndoano. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande. Kutoka bondeni ulisikika mlio, kisha mwingine, na watu wakasogea maji ya magoti bila kuambiwa. Yoweli hakuwa kwenye grue wala kwenye sanduku. Alikuwa amesimama pale meli ilipogusana na gati, anatazama miguu yake.

"Magasinier, kuja. Zamani tuliposimama hapa, sitaha ilikuwa wapi?"

"Chini. Tulishuka kina cha magoti kuifikia."

"Na leo?"

Nikatazama. Ziwa lilikuwa limeinyanyua meli. Sitaha na gati vilikuwa sawasawa, kama vyumba viwili vya nyumba moja.

"Tunalilia grue ya nini?" akasema Yoweli. "Sanduku haina lazima ya kupanda. Inapaswa kutembea tu. Miti ya kusukumia iko?"

"Ik—" Nikaumeza ulimi wangu. Nikakimbia ghalani, nikaigonga mmoja mmoja, nikarudi. "Iko sita. Mmoja umeoza, mmoja una ufa. Minne inabeba."

Yoweli alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake kwa mara ya kwanza.

"Na grisi?"

"Haiko. Toka uhuru haiko."

Miti mikavu juu ya saruji haizunguki chini ya uzito ule, inauma na kusimama. Hapo akasimama mama mmoja muuza mawese, Mama Sifa, aliyekuwa amekalia debe lake jekundu toka alfajiri. Lilikuwa ndilo maisha yake yote, alikuwa analipeleka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, kwenda kuanzia biashara.

"Ng'ambo nitafika na debe bila kichwa, ao na kichwa bila debe?" akauliza. Hakungoja jibu. "Shika. Lakini debe yangu ninaitaka!"

"Mama," akasema Chef Mpya, tai imenyooka, "kwa utaratibu wa bandari, mawese si—"

"Baba, utaratibu yako iko?"

"Iko."

"Basi ikae pembeni."

Akamimina mwenyewe, anatugombeza. "Musimwange ovyo! Mupake kama munapaka mutoto!" Tukapaka miti, tukapaka mbao za kupitia. Gati lote likawa jekundu na kunuka kama jiko la harusi. Tukafunga kamba kwenye sanduku, wanaume hamsini mbele, na mimi nawaambia walikuwa mia tano. Tulivuta kila mtu kwa wakati wake. Sanduku likatutazama tu.

Hapo Chef Mpya akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akavua koti, akalikunja, akampa mama yangu. Akaingia majini na kushika kamba. Akapaza ile sauti ya asubuhi.

"Grue?"

"Ikooo!" tukaitika kwa mazoea, na kwenye lile "ko" miguu yote ikakanyaga pamoja. Sanduku likasogea kiganja kimoja.

"Grue?"

"Ikooo!"

Kiganja kingine. Yoweli alikuwa nyuma, anatoa mti uliopitwa na kuurudisha mbele, anapiga kelele za kuchungia ng'ombe. Watoto wakaitika, wanawake wakaitika, nahodha naye akaitika kule juu. Tuliita mpaka sauti zikakauka, na jua lilipokuwa limebakiza upana wa vidole viwili, sanduku likavuka, likateleza juu ya mawese, likasimama chini ya grue, mahali pake hasa.

Watu wakapanda. Nahodha alisema wanawake, watoto na wazee, wanaume wangoje. Faida akasimama ukingoni akinitazama mkono uliokuwa na funguo.

"Hizo funguo, huwezi kumupatia mwingine?"

"Nani?"

Akamshika mama yangu mkono, wakaingia. Sikumbuki kama nilipunga mkono. Nakumbuka nilikuwa natembea, huku na huku, juu ya mafuta, naanguka na kuinuka.

Mji ukabadilisha mabwana, kisha ukabadilisha tena. Waasi walikuja, wakaniuliza ghalani kuna nini, nikawaonyesha debe tupu, kwa kuwa Mama Sifa alilisahau katika msukumano. Wakaenda. Mimi nilihesabu mawimbi. Baada ya muda mrefu mvuvi mmoja akavuka kutoka ng'ambo, akanikuta gatini.

"Ni weye magasinier? Bibi yako Faida anasema mutoto iko."

Nikamshika mabega. "Iko namna gani?"

"Iko."

"Analia? Ananyonya? Mama yake anasimama?"

"Papa, nilitumwa niseme iko. Minye nimesema iko."

Sikula siku ile. Usiniambie nifurahi, nilimlaani mvuvi, kisha nikakumbuka nahodha pale ukingoni, na masikio yangu yakawaka. Basi hivi ndivyo wanavyosikia watu walio mbali, wenye kungoja, unapowajibu iko! Nikaingia ghalani, nikafungua daftari, nikapiga mstari kwa penseli na kufanya safu ya tatu. Juu yake nikaandika: INAFANYA NINI? Grue: iko, haina kebo, hainyanyui. Miti: iko, minne inabeba. Debe la Mama Sifa: iko, linamngoja mwenyewe. Nilifanya kila kitu hadi misumari. Chef Mpya alikuja, akasoma taratibu, akatoa kalamu moja kati ya zile tatu. Nilidhani anafuta. Alikuwa anauwekea mstari wangu wino.

Amani iliporudi kidogo, meli ikawaleta wa kwetu. Nilimsikia mtoto kabla sijaiona meli. Alikuwa mgongoni kwa Faida, anapiga kelele ambayo, nina hakika, ng'ombe wa Rurambo waliiitikia. Mama Sifa alishuka nyuma yao na kudai debe lake. Nikampa. Akaligeuza juani.

"Iko," akasema, "lakini iko na kutu."

Baada ya hapo kazi ilinitembeza. Nilipelekwa Kalemie kuwa msaidizi wa mkuu wa ghala, na siku ya kwanza nilikwenda kwenye makabati yao ya barua, nikatafuta siku tatu, mpaka nikaipata namba ya ile kebo. Ilikuwa imeandikwa pembeni ya barua ya Chef wa kwanza, kama mtu anayeandika siku ya kuzaliwa. Niliituma kwa Yoweli. Kebo ilifika Kalundu, na niliporudi huko kuwa chef de quai, msimamizi wa gati, pipa la mchanga lilikuwa linaning'inia tena. Wakuu walikuja na kuondoka. Mmoja alileta grue ya pili bila kuleta mwendeshaji, na ikakaa pale inapendezesha. Mwingine hakuleta kitu ila alitembea gatini kila asubuhi na kuuliza maswali mabaya, na mwaka wake meli zilitoka mapema kuliko wakati wowote. Bandari maskini yenye mkuu anayeuliza hufanya kazi. Bandari tajiri yenye mkuu anayeitikiwa tu hungoja. Nimeziona zote mbili kwa macho yangu, tena gati ni hilo hilo.

Nimestaafu, lakini miguu haijastaafu. Kila asubuhi inataka kwenda Kalundu kuona kama pipa limepanda kimya. Vijana wa pale wananivumilia. Siku mvua inapokataza, nakaa mezani na kuandika haya, nainuka, nakaa tena, na kiti kinalalamika. Faida ananisikia kutoka jikoni.

"Mzee, uko?"

"Niko."

Wake za watu wengine wangeridhika hapo. Wa kwangu aliwahi kukaa majini juu ya mkeka, anangoja. Anaweka mwiko chini.

"Uko unafanya nini?"